Kila Apitaye, Kaa Moja

Lawama zote naziweka juu ya Mswada wa Fedha wa 2024. Ulipopendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, nyumba yetu hapa Wote iliapa kuoka yenyewe. Mwezi Juni pendekezo liliondolewa. Kiapo hakikuondolewa.

Tatizo ni kwamba kwetu hakuna anayeketi. Mume wangu msimu wa maembe hukimbizana na madalali, watoto huondoka na bodaboda kabla jua halijachomoza, na mimi nina kibanda sokoni. Aliyebaki ni susu, mama mkwe, ambaye kwake chakula ni isyo na muthokoi, na mkate ni kitu cha wagonjwa.

Hamira nayo haimngoji mtu. Pakiti inaagiza donge liwekwe mahali penye joto hadi liongezeke maradufu. Mahali penye joto! Wote, mwezi Februari! Heri wangetuelekeza penye baridi. Donge lililokandwa alfajiri, saa mbili limeshainua kifuniko na linachungulia mlango. Susu alipolikuta hivyo alilikandamiza kwa jiwe la kusagia, akalisalimia na kwenda zake.

Oveni yetu ni ya kawaida ya vijijini: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ya mkate juu ya mchanga, kifuniko cha bati, makaa ya wastani jikoni na mengine juu ya bati. Mchanga huugawa moto ili mkate usiungue chini. Sasa, mimi ni mzaliwa wa Kitui, kaunti iliyopiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018 wakati wa Gavana Ngilu. Nimeolewa Makueni, ambayo tangu 2015 ina sheria yake ya kulinda mchanga wa mito. Mkate wangu unataka vyote viwili. Kila nikirudi na kikarai cha mchanga, mume wangu huniuliza kama nina kibali.

Jumamosi moja nilimwachia susu jiko, nikakimbia kibandani. Agizo lilikuwa fupi: makaa ya juu yakififia, ongeza moja. Susu aliongeza moja. Kitinda mimba akapita akielekea kuchota maji, akaona bati limejaa majivu, akaongeza moja. Kaka yake akaongeza moja, maana yeye hukubali kazi isiyohitaji kuinama. Fundi aliyekuja kutengeneza lango naye akaongeza, eti kwao hufanya hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alitenda wema wake na kuondoka, na juu ya bati pakawa na moto wa kuchoma mbuzi.

Nilirudi nikakuta mkate umevaa kofia nyeusi, ngumu, inayolia ukiigonga. Susu hakushtuka. Alitwaa kisu akauparua kama anayeparua ukoko, masizi yakamwagikia kuku, nao wakayakataa. Ndani, ajabu, ulikuwa umeiva vizuri. Tuliukata vipande vinene tukala na chai, fundi akala viwili na kutoa ushauri zaidi.

Jioni mume wangu akaingia, gramu 400 za mkate wa duka kwapani, uso wa mtu asiyemwamini yeyote. Susu akamwamuru aurudishe dukani. Kisha akafikiri kidogo.

"Basi uache," akasema. "Kesho wewe ndiye utaangalia jiko."