Mguu wa Ndani, Sentimita 68

Mke wangu ana mguu wa ndani wa sentimita 68. Tumeoana mwaka wa kumi na tatu huu, na sikuwahi kuijua namba hiyo mpaka baiskeli tatu zilipopita nyumbani kwetu Charambe, mbili zikamuumiza na ya tatu nusura imvunje mguu. Sasa naijua kama ninavyoijua namba ya mita ya Luku.

Yeye ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko Mtoni kwa Aziz Ali, na kati ya kibanda na nyumbani kuna Barabara ya Kilwa: Rangi Tatu, Zakhem, Kizuiani, Misheni, Mtongani. Anayejua daladala za asubuhi za Mbagala anajua mtu mwenye furushi la sare za shule anavyopokewa pale mlangoni. Konda huliona furushi kabla hajamwona mtu. Siku nyingi ilibidi apande bodaboda, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula ushonaji wa shati zima.

Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Binti yetu alikuwa akiyatazama kwenye simu, mama yake akichungulia huku anatia vifungo. Mbio za wanawake zilipomalizika na Magdeleine Vallieres wa Kanada akatangazwa mshindi, mke wangu hakushughulika na mshindi. Aliuliza, "Mbona yule mfupi, baiskeli yake nayo fupi?" Jicho la fundi nguo lilikuwa limeona kitu ambacho mimi sikukiona: kila mmoja pale alikalia baiskeli iliyokatwa kwa mwili wake.

Kesho yake akasema, "Baba watoto, si tuna baiskeli stoo?"

Tulikuwa nayo. Foniksi ya marehemu baba, aliyoinunua kwa pesa za korosho huko Ikwiriri, nyeusi, magurudumu ya inchi 28, keria ya kubebea gunia na kengele ambayo mlio wake sisi watoto tuliujua tangu njia panda. Baiskeli za aina ile zilifuata umbo la Raleigh za Kiingereza, fremu ndefu na bomba la juu lililolala kama boriti. Nilizitia upepo tairi, nikapaka cheni mafuta, nikashusha siti mpaka ikakalia bomba. Kila mtu aliyepita uani alitoa ushauri huohuo: shusha siti. Siti ilishuka. Bomba la juu lilibaki palepale, sentimita 84 kutoka ardhini, wala hakuna aliyefikiria kulipima.

Siku tatu aliiendesha. Alipandia kwenye jiwe la mlangoni, akishaondoka anakwenda vizuri kabisa, mgongo umenyooka, mama yangu akimtazama kutoka barazani. Shida ilikuwa kusimama. Siku ya nne, pale Zakhem, daladala ikamkatia njia kuchukua abiria. Akashika breki, akateremka mbele ya siti kama afanyavyo mtu yeyote, na ardhi haikuwepo. Bomba lilimpokea kabla miguu haijagusa lami. Akaangukia kushoto, ukingoni mwa mtaro, kifundo cha mkono kikavimba wiki nzima, na wiki nzima cherehani ikafunikwa kanga.

Mama alimkanda kwa maji ya chumvi, akasema, "Mwanangu, marehemu alikuwa mrefu kama mnazi. Baiskeli yake ilikuwa inamjua yeye."

Kosa lililofuata ni langu. Nilikwenda Tandika nikanunua baiskeli ya mtoto, ya mtumba, magurudumu ya inchi 24. Nilifikiri kwa namna wengi wetu tunavyofikiri: mtu mfupi, gurudumu dogo, kwisha. Alipoikalia miguu ilikanyaga chini yote miwili, nikafurahi kama nimemjengea nyumba. Baada ya siku kumi akawa anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Siti tuliipandisha hadi ikapita alama ya mwisho wa bomba lake, bado magoti yalikuwa yakipanda karibu na usukani, na usukani wenyewe ulikuwa karibu mno na kifua hata mabega yakajikunja. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Umenivisha gauni la mtoto wa darasa la nne kwa kuwa urefu umelingana. Mabega yangu je? Nyonga zangu?"

Tairi ya nyuma nayo ikaisha, nikanunua mpya iliyoandikwa 24, nikahangaika nayo tangu adhuhuri mpaka kiza. Haikupanda. Nilivunja plastiki mbili za kuvulia tairi, nikatoboa tyubu kwa bisibisi. Fundi baiskeli wa chini ya mwarobaini aliichukua, akaipangusa vumbi ubavuni, akanionyesha tarakimu ndogo ambazo sikuwahi kuzisoma maishani. Ringi yetu ilitaka 540. Tairi niliyonunua ilikuwa 507. Hizo ni milimita, kipenyo cha pale tairi inapokalia ringi. Zote mbili huuzwa kwa jina la 24, na zimepishana kwa upana wa vidole viwili. Hata inchi 26 ni hivyohivyo, akaniambia: ya baiskeli za mjini za Kijapani ni 590, ya zile za tairi pana za milimani ni 559. Nimeyaandika hapa kwa sababu najua kuna mtu jioni hii yuko uani anapambana na tairi kama nilivyopambana mimi.

Utauliza kwa nini hatukuchukua zile za kike za Kijapani, zenye kikapu mbele na bomba lililoinama. Aliazima ya jirani kwa siku mbili. Ni baiskeli njema, na kwa anayeweza kuiegesha mlangoni sina neno la kuipinga. Kwetu lazima uivushe mtaro kwa kuinyanyua, kisha uipandishe ngazi nne uilaze ndani, la sivyo asubuhi huikuti. Ile ina karibu kilo 20. Mke wangu aliinyanyua mara moja usiku, na furushi mgongoni, akairudisha kwa mwenyewe.

Ndipo ikaja nyekundu.

Nilikuwa nimezunguka Manzese na Mwananyamala Jumamosi tatu mfululizo. Huko Mwananyamala kontena lilikuwa limefunguliwa, na katikati ya rundo niliona fremu ndogo, chuma chembamba, haina gia, haina madigadi, nyepesi hata niliinua kwa mkono mmoja. Muuzaji akasema, "Bosi, hii ya mbio." Bomba la juu lilikuwa na mteremko. Breki ilikuwa moja tu, ya mbele. Ya nyuma kulikuwa na tundu lake peke yake. Nilipoisukuma pedali zilizunguka zenyewe. Nikadhani friwili imeshika kutu.

Haikuwa na friwili hata kidogo. Ilikuwa imeundwa kwa mfano wa baiskeli za mbio za uwanjani, ambazo sproketi ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye habu. Gurudumu likizunguka, cheni inazunguka, pedali inazunguka, mguu wako unazunguka, utake usitake. Huko Japani, ambako mbio za keirin zilianzia mji wa Kokura mwaka 1948 na watu huzichezea kamari, waendeshaji hawana breki kabisa. Uwanja wao umeinuliwa kingo, wote wanakwenda upande mmoja, hakuna aliyesimama ghafla mbele yako, na mwendo hupunguzwa kwa kukaza miguu dhidi ya pedali. Ni ufundi mzuri mahali pake. Barabara ya Kilwa ina bajaji zinazogeuka popote.

Asubuhi ya kwanza aliondoka nayo akicheka. Kiti kilimkaa, mikono ilifika bila kujinyoosha, akasema ndiyo hii. Kwenye mteremko wa Mtongani akafanya alichofanya kila mteremko tangu utotoni: akatuliza miguu ipumzike. Pedali zikamrusha. Mguu wa kulia ukatoka, pedali ikarudi ikampiga muundi, baiskeli inazidi kasi na furushi la mashati ishirini na nne linamsukuma mgongoni. Akaminya ile breki moja, akaona lori, akakata kushoto. Hapo tairi ya mbele ikagonga ncha ya kiatu chake, kwa kuwa fremu fupi yenye magurudumu makubwa huleta gurudumu la mbele karibu na kidole cha mguu. Uwanjani hakuna anayekata kona ya ghafla hivyo, kwa hiyo halimsumbui mtu. Yeye aliingia kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, na mchanga ule ndio uliomwokoa.

Vijana wa pale walimkusanyia mashati yote ishirini na nne. Niliitwa kazini. Nilimkuta ameketi juu ya furushi, muundi umechanika, baiskeli imelala pembeni haina hata mkwaruzo. Nikamwambia, naiuza leo. Nilikuwa natetemeka, na nilisema kwa sauti ambayo haikustahili barabarani.

Akanijibu polepole, "Hii imenipenda mwili. Kilichoniangusha ni magurudumu na miguu. Mwili tusiuguse."

Usiku ule alifanya kitu ambacho tulipaswa kukifanya siku ya kwanza kabisa. Akafungua daftari la vipimo vya wateja, akaenda ukurasa mpya, juu akaandika jina lake mwenyewe. Akasimama ukutani bila viatu, kitabu kikubwa kati ya miguu kimebanwa juu kama unavyokalia siti, binti yetu akavuta futi kutoka ukingo wa kitabu mpaka sakafuni: 68. Kimo 150. Bega mpaka kiganja kilichofumba, 54. Halafu akaipima nyekundu kama anavyopima nguo ya mteja iliyoletwa kurekebishwa: kati ya pedali mpaka juu ya siti, pua ya siti mpaka usukani, bomba la juu mpaka ardhini. Hilo la mwisho likatoa 66. Akazipima na zile mbili za stoo, akaweka safu tatu mbavu kwa mbavu. Urefu wa mtu, akatueleza, haukati suruali. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake, na ukiwashonea sawa wote wawili watarudisha. Siti hupanda na kushuka, hiyo ni pindo. Umbali wa siti na usukani ndio mabega ya nguo, na mabega fundi hukata mara moja.

Tulipomfikishia fundi wa mwarobaini daftari lile alilisoma kimya, kisha akalirudisha kwa mikono miwili. "Mama, kazi umeimaliza," alisema. "Mimi nitakaza nati tu."

Aligeuza gurudumu la nyuma. Habu yake ilikuwa na nyuzi pande zote mbili: upande mmoja sproketi iliyokazwa, upande wa pili mtupu, unangoja friwili. Akanitazama. Nikajua anataka kuuliza nini. Friwili ya foniksi ya baba iliingia kwenye nyuzi zile kama imezaliwa hapo, meno 18. Kisha akavua krenki za baiskeli ya mtoto. Zilikuwa za milimita 152, na za nyekundu zilikuwa 165. Sentimita moja na ushei si kitu kwa mtu wa mguu mrefu. Kwa mguu wa 68 ilishusha goti lisipande mno, ikarudisha kidole nyuma ya tairi ya mbele. Sproketi ya krenki zile ilikuwa na meno 36 badala ya 46, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali, uliokuwa ukiisukuma baiskeli karibu mita sita, sasa unaisukuma mita nne na kidogo. Kwa mwenye furushi anayepanda kutoka Mtongani jioni, hiyo ndiyo tofauti ya kuendesha na kukokota. Cheni ikapunguzwa pingili. Tundu la nyuma likapata breki. Keria ya foniksi ilikuwa pana mno, ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya.

Kabla haijakatwa nilimwita mama, maana ni mali ya mumewe. Alikuja na fimbo yake, akaishika keria pale rangi ilipochubuliwa na kamba za magunia. "Chukueni na kengele," akasema.

Miezi minne sasa anakwenda na kurudi. Muundi umebaki na kovu refu kama mshono wa mkono. Lile daftari lina kurasa nyingine mbili za wanawake wa Kizuiani, wote wafupi, waliokuja kupimwa na hawakuja kwa nguo.

Jioni kunako saa kumi na mbili na nusu, nikiwa uani, huwa sijasikia kitu bado. Mama aliyekaa barazani ndiye anayeinua kichwa kwanza, anatafuta kandambili zake kwa mguu, anakwenda kufungua geti.