Kelele Isiyo na Mwenyewe

Kila anayeishi Kariakoo ana jirani mbaya. Jirani huyo naye ana jirani mbaya wake, na ukiyafuatilia malalamiko hayo nyumba kwa nyumba, ukianzia Mtaa wa Msimbazi, ukakata Mkunguni, ukazungukia Sikukuu, mwisho wa safari utafika mlangoni kwako mwenyewe. Kwa hiyo tusipoteze muda kumtafuta mkorofi. Sabufa ipo, jenereta lipo, grinda la fundi wa madirisha lipo, mtoto wa chumba cha pili anayejifunza kupiga filimbi yupo, na kila mmoja ukimuuliza ana sababu zake. Hoja yangu ni nyingine, na najua wapo itakaowakera: kinachotuumiza katikati ya Dar es Salaam siku hizi ni kelele isiyo na mwenyewe. Kelele yenye mwenyewe, hata ikitikisa bati, mtu huinunia, huilipizia, huizoea, na siku ikizimika huulizia kulikoni. Hii nyingine hata wa kumnunia hayupo.

Tuanze na nyumba ambayo Kariakoo ilijaa kabla maghorofa hayajaingia. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma uani penye jiko, choo na bafu vya wote. Vyumba vilipangishwa kimoja kimoja, kwa hiyo chini ya paa moja ziliweza kulala familia sita, na mara nyingi kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Juu yake palibaki uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu wa chumba cha tatu akikohoa, wa chumba cha tano alimpa pole bila kuinuka kitandani. Ugomvi wa mume na mke ulisikilizwa kama mchezo wa redio, na asubuhi, kwenye foleni ya bafu, wagomvi walikuta hukumu imeshatolewa. Ukimwonyesha mhandisi wa sauti nyumba hiyo atakwambia haifai kulala binadamu. Ikalala watu, vizazi na vizazi. Sababu ni kwamba kila sauti ilikuwa na anwani. Aliyewanyima wenzake usingizi usiku hakuwa na pa kupitia asubuhi isipokuwa ule ukumbi, ndoo mkononi, mbele ya macho mekundu ya watu watano. Alikuwa na zamu yake ya kufagia uani na zamu yake ya kuosha choo, na zamu hizo ziliweza kuongezeka bila maelezo. Adhabu kubwa kuliko zote haikuhitaji neno hata moja: maji ya bomba yakitoka usiku wa manane, watu waliamshana taratibu, mlango kwa mlango, wakauruka wake.

Adhabu ya kimya ikishindwa, ilifuata mahakama ya juu. Maduka ya kanga yapo hapo hapo mjini, na jina la kanga huandikwa karibu na pindo la chini, likasomeka vizuri zaidi mvaaji akiwa amekupa mgongo. Mwenye neno na jirani alinunua doti, akajifunga, akapita taratibu mbele ya mlango wa mhusika, akasimama kidogo kurekebisha kandambili ambayo haikuwa na tatizo lolote, kisha akaendelea na safari yake ya kwenda kuchota maji ilhali ndoo imejaa. Mhusika alijibu kwa redio. Miaka ya 1990, wakati Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano wakipambana kwa mipasho, kaseti za taarabu zilikuwa silaha kamili za nyumba za kupanga: wimbo ule ule, ubeti ule ule, spika imegeuziwa mlango wa jirani, na mtaa mzima unajua nani anaambiwa nini. Juu ya yote kulikuwa na kusutwa. Wanawake walishona sare, wakakodi ngoma au matarumbeta, mjumbe wa nyumba kumi akapewa taarifa, na msafara ukaenda hadi kwa aliyezusha maneno kumsomea makosa yake moja baada ya jingine, wengine wakiitikia. Nakiri ni tiba ya ajabu, kumtuliza mwenye mdomo kwa kumpelekea bendi kibarazani. Ila ilikuwa na sifa moja ambayo barua ya malalamiko haina: jioni ile shauri lilikuwa limeisha, na kila mtu alijua limeishaje.

Anayedhani natania awaangalie majirani wawili wenye kelele kuliko wote nchini. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936. Mmoja ana jengo lake Jangwani, mwingine Mtaa wa Msimbazi, na kutoka kwa huyu hadi kwa yule unakwenda kwa miguu bila kutoa jasho la maana. Wamekaa hivyo karibu miaka 90 wakipigiana kelele. Machi 8, 2025 mechi yao iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, na kelele za mechi ambayo haikuchezwa zikadumu zaidi ya miezi mitatu, mpaka ilipochezwa Juni 25 na Yanga wakashinda 2-0. Hapo zikaanza za mechi iliyochezwa. Hakuna aliyehama. Shabiki anayepuliziwa vuvuzela dirishani usiku wa kipigo anamjua mpulizaji, anajua ana watoto wangapi na anadaiwa kiasi gani dukani, na anajua zamu itamrudia. Anakunja ngumi, anaweka akiba. Utani una sheria zake, na mojawapo ni kwamba unamtania mtu ambaye siku ya msiba wake utakuwepo, tena utakuwepo ukifanya vituko. Mgeni hataniwi.

Sasa panda ghorofani. Nyumba za vyumba sita zimebomolewa kiwanja baada ya kiwanja, na mahali pake pamesimama majengo yenye fremu za maduka chini, stoo katikati na makazi juu. Ukuta wa tofali unafika darini, kila familia ina choo chake na luku yake, na hakuna anayelazimika kumwona mwenzake asubuhi. Kimsingi tumeshinda. Lakini jenereta limefungwa kichochoroni, bomba la moshi linaelekea dirisha la ghorofa ya pili, na ukimuuliza mlinzi ni la nani anakujibu la bosi. Bosi yuko Guangzhou, kafuata mzigo. Saa nane usiku linashushwa kontena, vijana wanahesabu maboksi kwa sauti ya kuwaamsha hadi wa Ilala. Mzigo wa nani? Wa mzee. Mzee yupi? Vijana wanatazamana, hesabu inaanza upya kutoka boksi la kwanza kwa sababu umewapotezea namba. Kukicha, kwenye mti wa mwavuli wa machinga kinaning'inia kipaza sauti kidogo kilichorekodiwa bei ya fulana. Kinaitangaza hadi jioni, bila kukohoa, bila kupumzika, bila kupunguza hata shilingi mia. Sogea uone: mwenye meza amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu mkononi, hedifoni masikioni, anasikiliza muziki. Hata mwenye kelele ameikimbia. Na tangu mwaka 2025, mkoa ulipozindua biashara ya saa 24 Kariakoo, usiku nao umepata fremu.

Najua watakaoniambia kelele ya biashara ndiyo ugali wa Kariakoo. Sibishi. Juni 24, 2024 wafanyabiashara walipogoma na kufunga maduka kwa sababu ya kodi, mitaa ilinyamaza kweli kweli, na sijasikia mkazi aliyewapelekea barua ya shukrani. Kimya kile kilitisha kuliko jenereta, maana kila mtu alijua kinagharimu nini. Ninachouliza ni kidogo zaidi: kwa nini kelele inayonilisha isiwe na jina la mtu, ili siku ikizidi nijue nigonge wapi?

Wengine, hasa wenye kupenda karatasi, watasema sheria ipo. Ipo. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kuna kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, kuna NEMC wenye vipimo, na zipo baa zilizowahi kufungiwa. Anayeuza bia kwa faida yake hadi alfajiri huku mtaa ukigaragara kitandani apimwe, na akizidi atozwe. Sina huruma naye. Ila kipimo kinasoma desibeli, nacho hakijui ulikula wapi. Chukua harusi ya binti wa nyumba ya pili, muziki hadi saa saba usiku. Kama mchana uliletewa sahani ya pilau imefunikwa kwa sahani nyingine, na nyama imo, usiku ule utasema vijana wanafurahi, mara moja moja si mbaya, na huenda ukajikuta unatikisa mguu chini ya shuka. Sauti hiyo hiyo, ukubwa huo huo, ikitoka kwa mtu ambaye hujawahi kuonja chakula chake, unatafuta namba ya polisi. Nimefikiria sana jambo hili na sijaona ukuta wa tofali unaopunguza kelele kuliko sahani ya pilau. Tena sheria nayo, kabla ya kumshika mtu, inataka kujua ni nani. Mlalamikaji wa ghorofani anafika ofisi ya serikali ya mtaa na kelele tupu mkononi, anaulizwa jina la mlalamikiwa, anarudi nyumbani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mgonjwa, la mtoto mchanga, la kijana mwenye mtihani wa kidato cha nne, la muuguzi aliyetoka zamu ya usiku Muhimbili na anataka kulala saa tatu asubuhi. Hawa hawana nguvu ya kugombana, na anayewaambia wazoee hana utu. Lakini ni hao hao ambao ile nyumba yenye kuta fupi iliwajua kwa jina. Mama aliyejifungua alijulikana, na mwenye sabufa aliambiwa na mama mwenye nyumba kabla hajafika kwenye swichi. Na ushahidi wangu mkubwa ni msiba. Mtu akifariki uswahilini, turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, na redio zinazimika nyumba baada ya nyumba. Hakuna afisa aliyepita na kipimo, hakuna tangazo. Kijana ambaye jana alikuwa akitetemesha madirisha kwa singeli leo anabeba viti. Maana yake watu wetu wanajua kunyamaza vizuri sana, wakishajua wanamnyamazia nani. Kwenye maghorofa msiba unaweza kuwa ghorofa ya tatu na sherehe ikawa ya tano, na wenye sherehe wasijue mpaka wakutane na jeneza kwenye ngazi. Nao si watu wabaya. Watazima muziki mara moja, watashuka kutoa rambirambi, watalia. Walikuwa hawana habari.

Usinielewe kwamba nataka turudi kwenye foleni ya choo. Nyumba ile ilikuwa na umbea wa kuvunja ndoa, iliwasingizia vizee uchawi, na mpangaji mgeni aliweza kuandamwa mpaka akahama bila kudai kodi yake iliyobaki. Kuna waliosutwa bure. Anayefurahia leo kufunga mlango wake na kusahauliwa ana sababu zake, naziheshimu. Wanaonichosha ni wanaoamini dawa ni umbali. Dawa hiyo ilishajaribiwa na wakoloni: waligawa mji, Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, wakaacha Mnazi Mmoja wazi pawe mpaka, wakasema ni kwa ajili ya afya. Siku hizi mtu anajitengea Mnazi Mmoja yake binafsi. Anahamia Goba au Bunju, anajenga ukuta, anafuga mbwa. Mbwa anabweka usiku kucha. Jirani, ambaye hawajawahi kusalimiana, naye anafuga mbwa ili ambwekee yule wa kwanza. Kelele imehama naye kwenye lori moja na makochi, tofauti ni kwamba kule hakuna hata kibaraza cha kukaa na kusengenya wenye mbwa.

Basi ukitafuta chumba Kariakoo, dalali atakuonyesha lifti, vigae na tangi la maji. Mwache amalize. Kisha muulize jenereta ni la nani, analala wapi, na mkewe anaitwa mama nani. Akishindwa kujibu, mwambie akupeleke nyumba nyingine.